Maji ya Ukutani

Shela ya Malindi (yetu, si ile yenu ya Lamu)

Swahibu yangu Fundi,

Salamu aleikum. Natumai wewe na watu wa nyumbani hapo Matondoni hamjambo, na lile jahazi limeshashushwa majini. Uliniuliza kwa simu kama ni kweli kwamba huko alikopelekwa mwanangu kufundisha, kwa Wamarakwet wa Bonde la Kerio, maji hupita ukutani mwa mlima. Ni kweli, lakini simu ingemaliza salio kabla sijafika katikati, kwa hivyo tia kahawa ukae.

Ukifika Iten, mji wa wale wakimbiaji, unadhani safari imekwisha. Kumbe nchi imekatika pale. Umesimama na koti kwa baridi, na chini yako, mteremko wa zaidi ya mita 1,000, kuna joto kama letu. Matatu inashuka Tambach, Biretwo inakunja kuelekea kaskazini, kisha inaambaa chini ya mlima: Arror, Chesongoch, hadi Tot. Kushoto ni mlima umesimama wima, kulia ni bonde na Mto Kerio. Mto ule, bwana, haujui bahari. Unakwenda kaskazini na kuishia Ziwa Turkana.

Wamarakwet wanakaa pale mlima unapokutana na bonde. Mvua ya bondeni ni haba, lakini mito kama Embobut na Arror inateremka kutoka milima ya Cherangani na maji yake baridi. Basi wazee wao waliikinga huko juu, mito ikiwa bado korongoni, wakachimba mifereji ikakata ubavuni mwa mlima hadi mashambani. Mingine ina zaidi ya kilomita 10, na ni kazi ya karne nyingi, kabla ya mzungu yeyote kufika na vipimo vyake. Mtelemko ukizidi, maji yanakula udongo, ukipungua, yanasimama. Walipimaje? Nilimuuliza mzee mwenye nyumba anayoishi mwanangu. Akasema maji yenyewe ndiyo yanayopima: unachimba kidogo, unayaachia, unaona yanataka nini.

Sasa sikiliza hapa wewe mtu wa mbao. Jabali likikosa pa kuchimba, wanapanga mawe kutoka chini, wanasimika magogo, juu wanalaza matawi, majani na udongo, na maji yanapita hewani. Hakuna msumari hata mmoja. Yanavuja, ndiyo, lakini na wewe nimekuona ukiuza chombo huku kalafati haijakauka. Siku hizi kuna sehemu zimetiwa saruji na mabomba, na mzee hakuyasifu sana. Mlima ukisogea, saruji inapasuka na inataka fedha. Matawi unakata asubuhi na jioni maji yamefika.

Lakini nilichokuja nacho moyoni si magogo, ni mgao. Mfereji una wenyewe, ukoo fulani, na kila ukoo una zamu yake, ya mchana au ya usiku. Mto ukijaa ukachukua kikingio, wanaume wanapanda wote kukijenga upya. Mwizi wa maji anaitwa kwenye kokwo, baraza lao la wanaume chini ya mti, na anatozwa faini. Wanawake kwa mila hawaruhusiwi kazi ya mfereji wala kukaribia kikingio. Mke wangu aliposikia hivyo aliuliza ni nani basi anayepalilia mtama na mahindi yanayonyweshwa na maji hayo. Sikuwa na la kumjibu, na sidhani wale wazee wangekuwa nalo.

Usidhani ni peponi. Wizi wa mifugo kwa bunduki umewaua watu wengi katika bonde lile, hata mwaka 2023 serikali ikapeleka jeshi. Na mlima wenyewe huanguka. Aprili 2020 maporomoko yalisomba soko na kituo cha polisi pale Chesegon. Novemba 2025 yakaja tena upande wa Chesongoch, usiku, watu wamelala. Msitu wa Embobut, yanakotoka maji, una ugomvi wake: mwaka 2014 serikali iliwatoa humo watu kwa nguvu na kuchoma nyumba, na Wasengwer, jamii iliyokuwa ikikaa humo, wanasema msitu ni wa mababu zao. Mzee alisema msitu ukiisha mfereji ni mtaro mtupu, lakini nyumba ya mtu haichomwi. Yote mawili kwa pumzi moja.

Niliporudi, bomba la hapa nyumbani lilikuwa kavu tangu juzi yake. Maji yetu yanavutwa kutoka Baricho, kwenye Sabaki, na mto huo huo tunauona ukimwagika baharini mwekundu kwa udongo wa bara. Bomba likikauka tunalaani, tunanunua mtungi kwa mkokoteni, basi. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kubeba jiwe kwa ajili ya maji yale, na nadhani ndiyo maana hatuna pa kuitishia baraza. Nyinyi hapo kisima chenu ni vile vilima vya mchanga vya Shela yenu, vinavyowawekea maji ya mvua chini yake, na kila mwaka naona nyumba za wageni zimesogea. Sijui mnangoja nini.

Haya, nina haja. Mzee ana miembe mizuri inayonyweshwa na mfereji, lakini ngowe, embe letu la pwani, hana, na nilizipeleka chache akazila na kokwa akaziosha akazificha. Nimemwambia kokwa si ya kutegemea, nitampelekea miche iliyopandikizwa. Ya hapa Malindi siiamini sana. Una mtu Mpeketoni? Niulizie bei ya miche sita, na kama anaweza kuifunga vizuri kwa safari ya basi, maana mwanangu anakuja likizo na atarudi nayo.

Wasalamu,
Swahibu yako