Risala ya klabu ya historia kwa mgeni rasmi: kanisa dogo la Mbweni

Mheshimiwa mgeni rasmi, mwalimu mkuu, walimu wetu, wajumbe wa kamati ya skuli, wazazi, wazee wetu kutoka Mbweni mliokubali mwaliko, na wanafunzi wenzetu, Assalaam alaykum. Na kwa wageni wetu Wakristo, Tumsifu Yesu Kristo.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutujaalia uzima tukafika siku ya leo. Na wewe mheshimiwa tunakushukuru sana, tunajua una shughuli nyingi na kuna wenzetu humu walishasema huyu hatokuja, ataleta mwakilishi, sasa umekuja mwenyewe na wao wamekaa kimya pale nyuma, ahsante sana.

Mheshimiwa mgeni rasmi, mwaka huu klabu yetu imechagua kutafiti historia ya kanisa la Mtakatifu Yohana, Mbweni, hapa Unguja. Ni kanisa la Anglikana, dogo, lina mnara, ukitoka mjini unaelekea uwanja wa ndege unakata kulia kama unakwenda baharini. Wengi wetu tunapita barabara ile na daladala kila siku wala hatujui kama kuna kitu pale. Tulipotangaza mada yetu kuna watu waliuliza, mbona kanisa, na nyinyi karibu wote Waislamu? Tukawajibu kwamba kanisa lile lilijengwa kwa ajili ya watu walioletwa pwani hii wamefungwa minyororo, na wajukuu na vitukuu vya watu kama wale wamejaa kisiwa kizima, wapo Wakristo wapo Waislamu, na humu ndani wamo pia ila hatuna desturi ya kulisema hilo mbele za watu.

Sasa tuanze mbali kidogo. Mwaka 1857 David Livingstone alihutubia Chuo Kikuu cha Cambridge kule Uingereza, akawaambia vijana wa pale waje Afrika, na kutokana na hotuba ile ikaundwa misheni ya vyuo vikuu, ile inayojulikana kama UMCA. Kwanza walikwenda upande wa Malawi ya leo na mambo yakawawia magumu sana, homa na vita, askofu wao wa kwanza Charles Mackenzie akafa hukohuko mwaka 1862. Askofu wa pili, William Tozer, akaona kukaa kule ni kumaliza watu bure, akahamia Unguja mwaka 1864, na aliyekuja naye ni padri Edward Steere, ambaye tutamtaja sana. Sultani Majid akawakabidhi watoto watano wa kiume waliokamatwa ndani ya jahazi la watumwa, watano tu, na ndo misheni nzima ya Zanzibar ikaanza na hao. Mmoja wao, John Swedi, baadaye akawa shemasi.

Shamba la Mbweni lilinunuliwa na Tozer mwaka 1871. Wakati huo watumwa walikuwa wanauzwa sokoni Mkunazini mchana kweupe. Miaka miwili baadae, tarehe 5 Juni 1873, Sultani Barghash akasaini mkataba na Waingereza, soko likafungwa na kusafirisha watumwa kwa bahari kukapigwa marufuku. Lakini mheshimiwa unajua marufuku ya karatasi na biashara yenye faida, majahazi yaliendelea kupita usiku, na manowari HMS London ikawekwa bandarini hapa kuanzia 1874 mpaka 1883, boti zake ndo zilikuwa zinayafukuza yale majahazi. Haikuwa kazi ya mchezo, kapteni wake mwenyewe, Brownrigg, aliuliwa mwezi Disemba 1881 akipambana na jahazi upande wa Pemba.

Hapa ndo pana swali ambalo klabu ilibishana nalo sana. Jahazi limekamatwa, watu wametolewa chini, wamo watoto wa miaka sita saba, wamo kina mama. Umeambiwa uko huru. Unakwenda wapi? Kwenu ni huko ziwa Nyasa au Uyaoni au Umakuani, mwendo wa wiki nyingi kwa miguu, kijiji pengine kilichomwa siku uliyochukuliwa, na njia ya kurudia ni ileile waliyokupitisha waliokuuza, ukirudi watakuuza tena. Basi wengine walipelekwa Mbweni. Misheni ikawagawia sehemu za kujenga na za kulima, ikawa kijiji, na watu wakawa na makabila na lugha mbalimbali, wakaanza kuzungumza Kiswahili kwa sababu ndo lugha pekee waliyoweza kukutana nayo wote.

Na kuna jambo ambalo lilitushtua, tunaomba mheshimiwa utuvumilie tulieleze vizuri maana hata baadhi ya wazazi tulipowaambia hawakuamini. Mkataba wa 1873 haukufuta utumwa. Ulizuia kusafirisha na kuuza sokoni, ila aliyekuwa na watumwa wake shambani aliendelea nao kihalali kabisa mpaka Sultani Hamoud alipotoa dikrii tarehe 6 Aprili 1897. Yaani kanisa la Mbweni limejengwa 1882, na miaka kumi na tano baada ya hapo utumwa bado upo kisheria katika kisiwa hikihiki. Kwa hiyo mtu wa Mbweni alikuwa huru ndani ya kijiji chake, akitoka akienda kutembea anakutana na mtu wa asili moja na yeye, huenda hata waliletwa na jahazi moja, lakini yule ni mali ya mtu. Tulijaribu kufikiria walikuwa wanaongea nini wakikutana kisimani. Vitabu havisemi.

Wengine hawakutaka kubaki Unguja. Mwaka 1876 Steere, wakati huo keshakuwa askofu, aliongoza msafara wa watu waliokombolewa kutoka Mbweni kuwarudisha kuelekea makwao, wakafika Masasi wakaona pazuri, wakapiga kambi na hawakuendelea tena. Kwa hiyo Masasi ya misheni, kule Mtwara, mbegu yake ilitoka kwenye shamba hili la hapa Mbweni. Mwenzetu mmoja wa klabu ambaye kwao ni Masasi alipolisikia hilo alitamba wiki nzima.

Kanisa lenyewe, kama tulivyosema, ni la mwaka 1882, la wakati wa Steere. Usilifananishe na lile kubwa la Mkunazini lililojengwa penye soko la watumwa, lile ni kanisa kuu na watalii wanapanga foleni, hili la Mbweni ni la kijiji, lilijengwa kwa ajili ya wanakijiji kusali na mpaka leo Jumapili watu wachache wa mtaa ule wanasali. Limekaa na makaburi yake pembeni, upepo wa bahari unapiga, hakuna makelele isipokuwa ndege zinazotua hapo jirani. Steere alikufa mwaka huohuo wa 1882, tarehe 27 Agosti, akazikwa Mkunazini. Huyu bwana ndo aliyetoa kile kitabu cha sarufi ya Kiswahili mwaka 1870 na kukusanya hadithi za Unguja akazichapisha, akatafsiri Agano Jipya, na waliokuwa wakifanya kazi katika mtambo wa kuchapishia wa misheni walikuwa ni vijana waliotolewa kwenye majahazi. Wanasifiwa maaskofu, na wanastahili, ila hao vijana waliopanga herufi mojamoja za madini ya risasi nao wangetajwa.

Tuje kwenye skuli ya wasichana ya Mtakatifu Maria, iliyokuwa hapohapo Mbweni. Mwaka 1877 alikuja mwalimu Muingereza, Caroline Thackeray, na akaiongoza kwa karibu robo karne. Watoto wa kike waliotoka majahazini na watoto wa wanakijiji walisoma pale, wengine wakafundishwa ualimu, na ambao walionekana hawawezi kitabu wakapelekwa upande wa kazi za mikono, kushona, kufua, kupika. Wasichana wa klabu yetu hawakulipenda hilo na walitaka tuliandike kwenye risala, basi tumeliandika. Hata hivyo fikiria mwaka 1880 na kitu, msichana aliyekuwa atauzwa, sasa anasimama mbele ya darasa na chaki. Wengi waliolewa na vijana wa Kiungani, skuli ya wavulana ya misheni, wakaenda nao bara kufundisha, Magila huko Muheza, Masasi, mpaka kandokando ya ziwa Nyasa. Katika vijana wa Kiungani alikuwemo Cecil Majaliwa, Myao, mtoto aliyekuwa mtumwa, ambaye mwaka 1890 akawa Muafrika wa kwanza wa misheni ile kupewa upadri, na akafanya kazi miaka mingi Chitangali kule kusini.

Bi Thackeray hakurudi kwao. Alizeekea Mbweni, akafa 1926, na kaburi lake liko kwenye uwanja wa kanisa hilihili. Nyumba aliyokaa uzeeni kwanza ilikuwa ya John Kirk, balozi wa Uingereza, aliyekuwa anapenda miti kuliko siasa, alipanda bustani kubwa ya mimea ya kigeni pale Mbweni. Ni huyohuyo ambaye wazungu wamempa jina lake kima punju wetu wa Jozani, sijui kima wenyewe waliulizwa.

Baadae skuli ile ilifungwa, kazi kubwa ya misheni ikahamia bara, na majengo yakabaki magofu ambayo leo yapo ndani ya eneo la hoteli. Kanisa ndo limebaki likifanya kazi ileile lililojengewa.

Mheshimiwa mgeni rasmi, katika utafiti wetu tumegundua kwamba kila mzungu tuliyemtaja hapa tumempata kwenye vitabu na miaka yake na picha yake, na hata tarehe aliyoteremka melini wakati mwingine. Wanakijiji wa Mbweni waliojaza kanisa lile mwaka 1882, majina tuliyoyapata vitabuni tunaweza kuyahesabu kwa vidole. Hadithi zao ziko kwa wazee wachache wa Mbweni na kwa wajukuu waliotawanyika Dar es Salaam, Tanga, Masasi na kwengineko, na wazee wenyewe mheshimiwa wanaondoka. Wawili watatu wamekaa hapa mbele na tunawashukuru kwa kutupokea na kutuvumilia na maswali yetu, maana kuna mengine kwa kweli hayakuwa na adabu, kumuuliza mtu mzima bibi yako alikuwa mtumwa wa nani.

Kwa hiyo maombi yetu ni haya, na tumejitahidi yasiwe makubwa. Tunaomba kifaa cha kurikodia sauti kilicho kizuri, maana simu zetu zinajaa upesi na upepo wa pwani unameza maneno. Tunaomba nauli na chakula kidogo kwa ajili ya safari ya Masasi, hata wanafunzi wanne na mwalimu mmoja inatosha, twende tukawasikilize wa upande wa pili wa msafara wa 1876. Na tunaomba utusaidie kuzungumza na viongozi wa kanisa na watu wa nyaraka ili turuhusiwe kupiga picha makaburi na kumbukumbu zozote za zamani zilizopo kwa utaratibu unaofaa, sisi watoto tukienda wenyewe tunaambiwa njooni kesho. Komputa hatuombi, tunajua kila klabu inaomba komputa.

Mheshimiwa, ahadi yetu ni kwamba kila tutakachorikodi nakala moja itabaki hapa skuli, nakala moja itakwenda kwa wazee waliotusimulia, na hakuna jina la familia litakalotajwa kama wenyewe hawajaridhia. Hilo tumekubaliana na wazee na tumelisaini.

Baada ya kusema hayo tunakuomba sasa usogee upande wa madarasa ukakate utepe na kuangalia maonyesho yetu. Ramani ya Mbweni tumeichora wenyewe, iko meza ya kwanza, ukiona kosa tuambie. Alafu utarudi hapa utuhutubie, na wazee wametuomba wapewe nafasi ya kusema kidogo kabla yako.

Ahsanteni kwa kutusikiliza.

Risala imesomwa na katibu wa klabu ya historia kwa niaba ya wanaklabu wote.