Taarifa ya mwaka 2024 kutoka kwa mwenyekiti

Habari zenu dada zangu na mama zangu. Mambo ya hela mhazini atayasoma mwenyewe mkutanoni, mimi niongelee kilichotula muda mwaka huu, yani uongo wa mitandaoni.

Septemba mnaikumbuka. Springfield hapo Ohio, toka Columbus hata saa haifiki, watu mitandaoni wakasema wahamiaji wa Haiti wanakula paka na mbwa wa watu, Trump akalibeba hadi kwenye mdahalo wa urais tarehe 10, viongozi wa mji wanasema hakuna ushahidi lakini nani asikilize, vitisho vya mabomu zaidi ya 30, vyote feki, watoto wanatolewa mashuleni. Na chanzo? Posti ya Facebook ya mtu aliyesikia kwa jirani, na jirani naye kasikia kwa mtu! Baadae aliyeposti mwenyewe akasema anajuta.

Sasa aibu yetu. Kwenye grupu letu la WhatsApp zile picha za uongo huo zilipita sana, wengi mlituma kwa nia njema, "jamani oneni wanavyotusema", na mimi nimo, nilimtumia hadi wifi yangu Mwanza. Kumbe ukiforwadi unawafanyia waongo kazi bure. Tangu Oktoba tumekubaliana ukitaka kuonya wenzio piga skrinshoti, chora mstari mwekundu juu yake, andika UONGO, linki usiweke. Wawili watatu wamegoma, wanajijua.

Semina mbili. Ya kwanza mvua, hatukujaa hata meza. Ya pili ndo ilinoga, tulimwongelea Shafiqah Hudson, yule dada aliyeona mwaka 2014 akaunti za Twitter zinajifanya wanawake weusi, eti wanataka Siku ya Baba ifutwe, akaona hapana, hatuongei hivi sisi, kumbe ni watu wa 4chan, mtandao wa watu wasiotaja majina, wametunga. Akaanzisha #YourSlipIsShowing, yani shumizi inachungulia mama, uongo wako unaonekana, wenzake wakawa wanaanika akaunti feki moja moja, hakuna aliyewalipa. Februari hii amefariki, Mungu amrehemu. Mama mmoja akauliza sisi wenye kiingereza cha kuunga hiyo shumizi tutaionaje? Swali zuri, ndo tukaanza kukagua akaunti imefunguliwa lini, picha kaiba wapi, inaposti nini kingine.

Mwakani nataka wawili wanaojua Kilingala na Kinyarwanda, manake siku hizi uongo unakuja kwa voisi na mimi siambulii kitu. Majina nitumieni kabla ya mkutano, na wa sambusa aseme mapema, sio kama mwaka jana.