Ahsante, dada wa maktaba
Dada mkutubi wa Chake Chake, jina lako hatukuliuliza, lakini ahsante sana. Wazee wengi huchagua kitabu kwa darasa la mtoto au kwa uzuri wa jalada, kisha kitabu kikabaki kabatini. Wewe ulionesha kipimo cha vidole vitano: mtoto afungue ukurasa wa katikati, asome kwa sauti, akunje kidole kimoja kwa kila neno asilolijua. Vikiwa viwili au vitatu, achukue. Vikifika vitano, asomewe kwanza na mkubwa. Akiachwa peke yake atakwama kila mstari na kuisahau hadithi ilikoanzia. Ukurasa wa kwanza haufai kupimia, maana mara nyingi una picha kubwa na maneno machache.

Kwa wasiojua kusoma bado, ulitoa vitabu vya sentensi moja au mbili kwa ukurasa, picha ikieleza kile kile kinachosemwa na maneno. Na lile la kumwacha mtoto arudie kitabu kimoja hata mara kumi! Ni sahihi kabisa, ndipo maneno yanapomkaa. Allah akujaze kheri, dada.