Futeni vumbi kwenye kanda, msifute muziki

Ndugu Mhariri,

Albamu ya siasa ikitimiza miaka 25 au 40 hutolewa upya, na gumzo lote huishia kwenye jalada: rangi ya santuri, picha ambazo hazijawahi kuonekana, bei. Tunaomba nafasi tuzungumzie kilichomo ndani, maana kaseti za kwetu nazo zinahamishiwa kwenye kompyuta, na nyingi zinaharibiwa na watu wenye nia njema kabisa.

Tuanze na London Calling ya The Clash, albamu ya panki iliyotoka Uingereza Desemba 14, 1979. Humo mna ukosefu wa ajira, mna vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Hispania, mna hofu ya nyuklia katika mwaka uleule wa ajali ya kinu cha nyuklia cha Three Mile Island kule Marekani. Toleo la miaka 25, la mwaka 2004, lilikuja na kanda za mazoezi ambazo bendi ilizirekodi katika chumba kilichoitwa Vanilla, jijini London. Ziliaminika kuwa zimepotelea kwenye treni, mpaka Mick Jones, mpiga gitaa wa bendi, alipokuta nakala katika vitu vyake. Zilichapishwa nyimbo 21. Ukizisikiliza, ngoma ziko mbali na maneno mengine yamemezwa, lakini unausikia wimbo ungali mbichi, kabla haujajua utakuwa nini. Hiyo ndiyo maana ya toleo la kumbukumbu.

Njia ya pili ni ya Fresh Fruit for Rotting Vegetables ya Dead Kennedys, bendi ya panki ya Marekani. Albamu ile ya 1980 ilitolewa tena mwaka 2022 ikiwa imefanyiwa miksi mpya, yaani mchanganyiko mpya wa sauti za vyombo, na fundi sauti Chris Lord-Alge. Hapa wengi huchanganya mambo. Rimasta inaishika miksi iliyokwisha kukamilika na kurekebisha uzani wa besi, ukali na kimo cha sauti. Rimiksi inarudi kwenye tepu yenye kila chombo peke yake na kuamua upya gitaa lipande kiasi gani na mwimbaji akae wapi. Miksi ya 2022 ilitangazwa kwa jina lake, na huo ni uungwana. Hata hivyo, kwetu sisi ile ni albamu nyingine. Hasira ya mwaka 1980 ilikuwa pia katika namna vyombo vilivyogombania nafasi.

Sasa tuje Dodoma. Gundi inayoshikilia unga wa sumaku kwenye tepu hunyonya unyevu, hulainika, kisha huacha utandu wa kahawia kwenye hedi, yaani kichwa kinachosoma tepu, huku tepu ikipiga yowe inapopita. Pwani ugonjwa huu una nafasi kubwa. Huku kwetu ukame uleule unaomliza mkulima wa mtama umezitunza tepu nyingi. Adui wetu ni vumbi na joto la bati. Kaseti iliyokaa juu ya kabati chini ya paa la bati hupinda ganda, na kile kipande cha sufi kinachoibana tepu kwenye hedi hubanduka. Hapo sauti huja na kupotea. Usiilazimishe. Fungua skrubu zake tano, hamishia magurudumu na tepu kwenye ganda jingine zima.

Kabla ya kaseti yoyote kuingia kwenye deki, safisha hedi kwa pamba na spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi. Kigurudumu cha mpira kifute kwa maji yenye sabuni kidogo, kwani spiriti hukausha mpira ukapasuka. Peleka kaseti mbele hadi mwisho na uirudishe, ili tepu ilegee. Halafu fanya lile linalorukwa karibu kila mara: weka sauti ya mono (kulia na kushoto zikiunganishwa kuwa moja), shika bisibisi ndogo, zungusha skrubu iliyo pembeni mwa hedi robo kwa robo mpaka herufi “s” na matoazi yang’ae. Deki iliyorekodi na deki yako hazikukaa pembe moja. Ukali uliopotea hapo haurudishwi na programu yoyote.

Tepu kubwa za rili zilizogandamana huokwa kwa nyuzi 54 hivi za Selsiasi, kwa muda wa saa nane au zaidi, katika oveni ya maabara yenye feni. Si jiko la gesi, na kamwe si tepu ya asetati, aina ya plastiki ya zamani. Asetati utaijua ukiinua rili kwenye mwanga, kwani mwanga hupenya ubavuni mwake.

Rekodi kwa biti 24 na kilohezi 96, katika faili la WAV, kilele cha sauti kibaki desibeli 6 chini ya kiwango cha mwisho cha kipimo. Saa moja ya sauti hula gigabaiti 2 hivi. MP3 ni ya kumtumia rafiki tu.

Sasa neno zito. Programu za kuondoa mnong’ono wa tepu hazijui muziki. Ilimba ya Kigogo, ala ya vibati vinavyopigwa kwa vidole gumba, ina matundu yanayozibwa kwa utando wa buibui kusudi ivume, na mvumo huo ni nusu ya sauti yake. Tia rekodi yake kwenye programu hiyo kwa nguvu, utabaki na kibati kinacholia kama kengele ya baiskeli. Gitaa la panki nalo huporwa mkwaruzo wake vivyo hivyo. Hifadhi nakala ghafi isiyoguswa, kazi nyingine zote zifanyike kwenye nakala ya pili.

Wala msikate maneno. Machozi, Jasho na Damu, albamu ya mwanahip-hop Professor Jay ya mwaka 2001, inafikisha miaka 25 mwaka 2026. Ndani yake umo wimbo Ndio Mzee, mgombea akimwaga ahadi na umati ukiitikia. Atakayeitoa upya aweke kijitabu chenye mashairi yote kama yalivyoimbwa, aeleze kwamba ulikuwa mwaka uliofuata uchaguzi mkuu wa 2000, na kwamba mwimbaji mwenyewe aliingia Bungeni hapa Dodoma mwaka 2015 kama mbunge wa Mikumi. Kijana aliyezaliwa baada ya wimbo hawezi kuyabahatisha hayo.

Na bei. The Clash walishikilia kwamba santuri mbili za London Calling ziuzwe kwa bei ya moja. Toleo la kumbukumbu linalouzwa kwa matajiri pekee linaisaliti albamu hiyo. Kwa Ndio Mzee tunapendekeza kadi ya kumbukumbu ya simu yenye nyimbo na kijitabu chake, iuzwe Majengo na Sabasaba kwa bei ambayo bodaboda ataitoa bila kuwaza mara mbili.

Mafundi redio na wakusanyaji wa kanda,
Majengo, Dodoma