Kabla Hujamwambia Mama

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu kutoka huku baridini. Ujumbe wako nimeupata, kwamba umeamua kumwambia mama kuwa hujioni mwanamke wala mwanamume, kwamba wewe ni nonbainari. Naandika kwa urefu maana hili si la kumalizia kwenye simu inayokatikakatika.

Usalama kwanza. Mama akikasirika usiku huohuo, utalala wapi? Ada analipa nani, cheti chako cha kuzaliwa anacho nani? Vyeti vyote vipige picha, uzihifadhi mahali utakapozipata hata simu ikichukuliwa. Weka nauli na pesa ya kula ya wiki mbili. Mtu mmoja unayemwamini ajue siku na saa. Ukiona majibu yanatisha, ngoja mpaka ujitegemee. Hilo halikufanyi mwongo.

Usimtumie kwa WhatsApp, nakuomba. Ujumbe wa sauti husambaa kwa kidole kimoja. Ukifika kwenye grupu la ukoo, mama atakuwa anajibu watu badala ya kukusikiliza wewe. Kaeni wawili tu, siku isiyo na msiba, harusi wala ugomvi. Nusu saa inatosha, na sentensi tatu zinatosha: "Mama, nina jambo langu nataka ulisikie kutoka kwangu mwenyewe. Mimi sijioni mwanamke wala mwanamume, na nimelijua hili muda mrefu. Bado ni mwanao, na sikuombi unijibu leo." Halafu nyamaza. Hapa ndipo wengi huharibu: kimya cha mzazi kinawatia hofu, wanaanza kumwaga istilahi, jinsi ni hiki, jinsia ni kile, na mama anajiona kama yuko kwenye mtihani.

Kiswahili kimekubebea nusu ya mzigo. Mzazi wa Kiingereza ana viwakilishi vya kujifunza upya, ila kwetu yeye ni yeye, na "amekuja" haisemi kama ni wa kike au wa kiume. Panapouma ni kwenye majina ya udugu: binti, dada, shangazi. Kwa hiyo usimnyang'anye neno bila kumpa lingine. Mwanangu, mtoto wangu, kitinda mimba wangu, yote haya anayo mdomoni tangu ulipozaliwa. Chagua moja la kuanzia. Akiteleza akakuita binti, sema "mwanao, mama," kisha endeleeni kuchambua mchele. Akiteleza mbele ya wageni, subiri mpaka mbaki wawili.

Maswali yake jiandae nayo. "Nimekosea wapi?" huja la kwanza hata lisipotamkwa, basi litangulie: si malezi yake. Kama unapenda wanaume au wanawake, hilo ni swali jingine kabisa, wala si lazima ulijibu siku hiyo. Akiuliza kama wewe ni huntha, mweleze kuwa huntha ni habari ya mwili mtu aliozaliwa nao, na wewe unazungumzia unavyojijua. Akisema ni ugonjwa wa akili: Shirika la Afya Duniani liliyatoa masuala haya kwenye sura ya magonjwa ya akili katika ICD-11, orodha yake ya kimataifa ya magonjwa, iliyoanza kutumika Januari 2022. Akisema ni mambo ya Wazungu, mwambie mahakama ya juu kabisa ya India ilitambua jinsia ya tatu mwaka 2014, na mahijra wa huko, jamii ya watu wasiohesabiwa wanaume wala wanawake, wanajulikana kwa karne nyingi. Wao si sawasawa na wewe, lakini hawakuletwa na Mzungu. Akiitaja dini, usishindane naye kwa aya. Mara nyingi anachotaka kujua ni kama bado mtasali pamoja, mjibu hilo.

Msiinuke kabla hamjakubaliana nani aambiwe. Sema wazi: "Baba nitamwambia mwenyewe, naomba libaki kwetu." Mzazi mwenye uchungu hutafuta wa kumtuliza, na asipopewa mipaka atalipeleka kwa jirani bila nia mbaya. Mpe jina la mtu mmoja anayeruhusiwa kuongea naye. Mpe langu.

Baada ya hapo shikamoo ya asubuhi isikatike, hata akiitikia kwa mkato. Usilirudie kila siku. Ziache zipite kama wiki mbili, kisha muulize mara moja tu: "Lile jambo, mama, una swali?"

Ukimaliza kuongea naye nibipu, hata kama huku ni usiku wa manane. Nitapiga.

Mkubwa wako