Malalamiko: Mlituuzia Shaba, Fedha Mkainyamazia

Clarkston, Georgia, Marekani
24 Machi 2025

Kwa Mkuu wa Idara ya Malalamiko ya Wateja, Kampuni ya Bima ya Afya,

YAH: KUUZIWA KIFURUSHI CHA BIMA KISICHOTUFAA, NA DENI LA DOLA 4,312

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Naandika kwa Kiswahili kwa makusudi. Kiingereza changu kinanitosha dukani na kwenye kiti cha saluni. Kwenye mambo ya bima hakinitoshi. Kifungu cha 1557 cha sheria ya bima ya afya ya mwaka 2010 kinataka ninyi ndio mtafute mkalimani, tena kwa gharama zenu. Novemba iliyopita, mliponiuzia bima kwa simu, hamkumtafuta. Basi barua hii mtafutieni.

Sisi ni familia ya watu wanne. Tulitoka kambi ya Nyarugusu, Kigoma, tukafika hapa mwaka 2016. Mume wangu anapeleka vyakula na mizigo kwa gari lake, mimi nasuka nywele, kwa hiyo hakuna mwajiri wa kutukatia bima. Kipato chetu cha mwaka ni dola 44,000. Ndicho tulichokisema kwa wakala wenu, na ndicho alichokiandika. Watoto wako PeachCare for Kids, bima ya watoto ya jimbo, hawamo katika shauri hili.

Miaka ya nyuma tulijiandikisha HealthCare.gov, tovuti ya bima ya serikali kuu, tukisaidiwa na kijana mmoja wa kanisani. Yeye amehama, na jimbo nalo likahama: tarehe 1 Novemba 2024 Georgia ilianza kuendesha soko lake la bima yenyewe, Georgia Access. Katika soko hili mtu anaweza kujiandikisha kwenye tovuti ya jimbo, kwa wakala, au moja kwa moja kwa kampuni ya bima. Tovuti ya jimbo nilianza kuiangalia nyumbani, lakini aliyeniandikisha ni wakala wenu, kwa namba yenu.

Usiku ule wa kwanza nilikaa na mwanangu mkubwa, ana miaka 11, tukafungua orodha ya vifurushi. Ilikuwa ndefu mpaka kidole kinachoka. Akawa ananitafsiria majina ya madaraja: hii mama ni shaba, hii fedha, hii dhahabu. Nikamwambia, "Ya fedha tuipite, baba, fedha zenyewe hatuna." Tulicheka sana. Sikujua kwamba ile tuliyoicheka ndiyo tuliyokuwa tunaitafuta.

Kesho yake nikawapigia. Niliomba mkalimani wa Kiswahili. Wakala akasema nitasubiri muda mrefu, akauliza kama kuna mtu nyumbani anayejua Kiingereza. Mwanangu akapewa simu. Kanuni za kifungu kile kile haziruhusu mtoto kufanywa mkalimani isipokuwa pakiwa na dharura inayotishia usalama wa mtu papo hapo, na muda tu hadi mkalimani apatikane. Kununua bima ni dharura gani? Uandikishaji ulikuwa wazi mpaka 15 Januari. Angetuambia tupige siku nyingine, tungepiga.

Mazungumzo yalichukua dakika 19, simu yangu inaonyesha. Wakala alisema kipo kifurushi cha Shaba ambacho malipo yake ya kila mwezi ni sifuri. Sifuri ya Kiingereza niliielewa mwenyewe bila kutafsiriwa. Kisha akataja didaktibo ya dola 7,500. Mwanangu alinyamaza kidogo, akafikiri, akaniambia: "Mama, hilo ni punguzo. Wanakupunguzia dola 7,500."

Msimcheke. Neno hilo kwa Kiingereza linatokana na kupunguza, na mtoto wa darasa la tano hajawahi kulipa bili ya hospitali. Mimi nilimwamini. Nikamwagiza amwambie wakala asante, na akamwambia. Kama simu ile mliirekodi, hiyo asante mtaisikia. Mtu anashukuru kwa kuambiwa atalipa dola 7,500 za kwanza kutoka mfukoni mwake kabla kampuni haijaanza kulipa, na wakala hakuona ajabu yoyote.

Februari, usiku wa manane, mume wangu alishikwa na maumivu ya ubavu mpaka akawa analala sakafuni. Tulimkimbiza chumba cha dharura. Yalikuwa mawe kwenye figo. Alitibiwa vizuri, sina neno na hospitali. Bili iliyokuja juu yetu ni dola 4,312. Nilipowauliza, mlijibu kwamba hospitali imo kwenye mtandao wenu, yaani ni kati ya zile mlizo na mkataba nazo, matibabu yanatambuliwa, na bei mmeshaishusha kwa mkataba wenu. Ila didaktibo haijafikiwa, kwa hiyo deni lote ni letu.

Wiki mbili zilizopita mama mmoja anayewasaidia wageni na mambo ya bima, bila kulipwa na kampuni yoyote, alinifungulia vifurushi vyenu viwili, kimoja kando ya kingine, akanieleza mstari kwa mstari kwa Kiswahili. Alichukua nusu saa. Hicho ndicho nilichokuwa nakihitaji Novemba.

Cha Shaba tulichonacho: kila mwezi sifuri, didaktibo 7,500, na kikomo cha kulipa mfukoni kwa mwaka dola 9,200 kwa mtu mmoja, yaani pale pale sheria ya mwaka 2025 inapokataza kupanda zaidi.

Cha Fedha: kila mwezi sifuri vilevile. Mwaka huu wa 2025, familia ya watu wanne ambayo kipato chake hakizidi dola 46,800 inapewa na serikali nafuu ya kodi ya mapato inayotosha kulipia kifurushi cha Fedha kilicho cha pili kwa unafuu katika eneo lake, na hapa kaunti ya DeKalb kifurushi hicho kilikuwa chenu. Didaktibo, sifuri. Kikomo cha mfukoni, dola 2,000. Hapo nilimwomba arudie, nikidhani na yeye anatafsiri kama mwanangu.

Akanifafanulia. Kwa kawaida kifurushi cha Shaba kinabeba kama asilimia 60 ya gharama za matibabu, cha Fedha 70, cha Dhahabu 80, cha Platinamu 90. Lakini kwa watu wa kipato chetu ipo nafuu nyingine ya gharama, na nafuu hiyo inapatikana ukichagua Fedha tu. Inakipandisha kifurushi hadi asilimia 94. Kwa hiyo Fedha ya msusi wa Clarkston inaizidi Platinamu ya mwenye pesa zake. Ukichagua Shaba, nafuu yote unaiacha mezani, na hakuna anayekuletea nyumbani.

Wakala wenu alikuwa na kipato chetu mbele yake. Neno fedha halikumtoka.

Mtu wenu wa huduma kwa wateja ameshanijibu mara mbili kwamba kifurushi nilikichagua mwenyewe na nikakubali kwa sauti. Ni kweli. Wala sisemi wakala alidanganya. Kila alichokitamka kilikuwa sahihi. Mimi nasuka watu kila siku. Akija mteja nywele za mbele zimekatika, anataka rasta nzito, namwambia kwanza kwamba zitamng'oa nywele, ndipo aamue. Mtindo ni wake, ndiyo, lakini kichwa nimekiona mimi. Ninyi mliona kipato, mkaona familia, mkaitanguliza bei ya mwezi, kifurushi kingine mkakinyamazia. Bei ya mwezi ni bei ya kuwa mzima. Bei ya kuugua iko mistari ya chini, na huko vifurushi viwili vya sifuri vinatofautiana kwa maelfu ya dola.

Ninachokitaka ni hiki. Kwanza nipewe nakala ya rekodi ya simu ile, au maandishi yake. Pili, mniandikie barua ya kukiri kwamba niliandikishwa kupitia mtoto, bila mkalimani, na bila kuelezwa nafuu inayotolewa kwenye Fedha. Barua hiyo nitaipeleka Georgia Access, kwa sababu kanuni za soko zinamruhusu mtu aliyeandikishwa vibaya kwa makosa ya wakala abadilishe kifurushi nje ya msimu. Nitaomba Fedha ianze kuhesabiwa tarehe 1 Januari, na ikikubaliwa, bili ya mume wangu muihesabu upya kwa masharti ya kifurushi hicho. Wakati hayo yanaendelea, iandikieni hospitali kwamba deni lina mgogoro, wasilipeleke kwa wakusanya madeni.

Barua hii ihesabiwe pia kuwa rufaa yangu juu ya madai ya Februari; siku 180 za kukata rufaa bado hazijaisha. Nasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 30. Nakala nimeipeleka Ofisi ya Kamishna wa Bima wa Georgia. Namba ya uanachama na nakala za bili nimeziambatisha.

Mkitaka kunipigia simu, pigeni mkiwa na mkalimani kwenye laini. Mwanangu yuko shule mpaka saa tisa alasiri, na hata akiwa nyumbani simu yenu haipokei tena.

Mteja wenu,
Mama wa watoto wawili, Clarkston