Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Malipo Yanayopingwa na Wizi wa Kadi

Ndugu wanachama,

Hesabu za chama atazisoma mhazini. Mimi naomba muda wenu kwa jambo lililoishughulisha kamati kuliko mengine yote mwaka huu: fedha ya oda kuingia, mzigo ukaondoka Kigoma, kisha benki ikaichukua fedha ile kwa sababu mwenye kadi amepinga malipo. Limewaumiza zaidi wenye mitaji midogo, ambao oda moja ya vitenge ndiyo mtaji wenyewe.

Mwenye kadi akiona malipo asiyoyatambua, au akisema mzigo haukumfikia, hulalamika kwa benki yake. Lalamiko hupitia mtandao wa kadi, yaani Visa au Mastercard, hadi kwenye kampuni inayotupokelea malipo, nayo hukata fedha hiyo kwetu, mara nyingi pamoja na ada yake. Sisi hupewa siku chache za kujibu kwa ushahidi, na asiyejibu amekwisha kushindwa. Kwa malalamiko mengi ya Visa mteja ana hadi siku 120, hivyo mzigo wa Januari unaweza kukuletea barua mwezi wa Mei, wakati stakabadhi ya basi ilikwisha kutupwa zamani.

Kamati ilipopitia mafaili ya wanachama waliokubali kutuonyesha, tulikuta wezi wapo, lakini fedha nyingi imepotea kwa wateja wa kweli. Biashara yetu ina umbo lake. Kijana yuko Marekani au Uingereza, analipia mawese na dagaa kwa kadi yake, mzigo unapelekwa kwa mama yake Mwanga au kwa shangazi Dar es Salaam. Mlipaji mmoja, mpokeaji mwingine, na nchi mbili tofauti. Mama amepokea na amepika, ila hakumwambia mwanawe. Kijana anafungua taarifa yake ya benki, anakuta jina lililo kwenye leseni ya mwanachama wetu, wakati yeye anaijua biashara kwa jina la ukurasa wake wa Instagram. Analalamika kwa nia safi kabisa. Mwanachama mmoja wa Ujiji alipoteza oda nzima ya vitenge kwa njia hii. Aliyeupokea mzigo yupo na anakiri kwa simu, lakini benki ya mbali haipokei maneno ya simu.

Ndiyo maana nasisitiza karatasi, na nitaendelea kusisitiza hata mkinichoka. Kabla ya kufunga mzigo, mlipaji aandike mwenyewe kwenye ujumbe jina na simu ya atakayepokea. Stakabadhi ya ofisi ya mabasi ipigwe picha siku hiyo hiyo, na mpokeaji asaini. Anayetuma nje kwa EMS, huduma ya haraka ya posta, atunze namba ya kufuatilia. Vyote vikae kwenye faili la oda hiyo hadi siku za kulalamika zipite. Tena ombeni kampuni ya malipo iweke kwenye taarifa ya benki jina ambalo wateja wanalijua. Na muda wa kufika uandikwe ulivyo kweli. Masika yakikata barabara, mteja aarifiwe kabla hajauliza.

Kuhusu wezi wenyewe, dalili tulizoziona ni oda ndogo ndogo zinazofuatana kwa dakika chache, kila moja na kadi yake, nyingi zikikataliwa. Huyo anajaribu namba za wizi aone ipi iko hai. Mwingine huweka oda kubwa, ana haraka, na akishalipa anataka mzigo ugeuziwe njia. Hatari kuliko wote ni anayedai amelipa zaidi kwa bahati mbaya na kuomba ziada arudishiwe kwa M-Pesa. Fedha iliyokuja kwa kadi irudi kwenye kadi ile ile, hata akilia.

Wapo wanachama waliozima uthibitisho wa 3-D Secure, ule unaomtaka mwenye kadi athibitishe kwa benki yake kabla ya kulipa, wakisema wateja wanakata tamaa njiani. Nawaelewa, lakini sikubaliani nao. Benki ikishathibitisha, kwa kawaida hasara ya kadi ya wizi huwa yake, si yako. Ila uthibitisho huo haumkingi anayedaiwa kuwa mzigo haukufika. Hapo tunarudi kwenye stakabadhi.

Kamati ilikuta pia daftari lenye namba za kadi za wateja, pamoja na zile tarakimu tatu za siri za nyuma ya kadi, zilizopokelewa kwa WhatsApp. Jamani, hili likome leo. Kanuni za kimataifa za usalama wa kadi, PCI DSS, zinakataza kabisa kuhifadhi tarakimu hizo tatu baada ya malipo kuidhinishwa. Mteja apewe kiungo cha malipo aandike namba zake mwenyewe.

Malipo ya simu nitayapitia haraka. Msitoe mzigo kwa kuonyeshwa ujumbe; angalieni salio lenu. Kagueni kwa *106# laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chenu, na zile meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii" zipelekwe 15040.

Jambo la mwisho la malipo: oda ndogo yenye utata ni heri kuirudisha fedha mapema. Mifumo ya Visa huhesabu malalamiko yaliyofikishwa, hata yale tuliyoyashinda, na yakizidi, mwanachama anaweza kufungiwa kupokea kadi.

Kamati inauomba mkutano upitishe fomu moja ya makabidhiano ya mzigo kwa wanachama wote, na umteue katibu msaidizi kuwasaidia wanaopata barua za pingamizi kujibu ndani ya muda. Ada ya mwaka tunapendekeza ibaki ilivyo.

Naomba kuwasilisha.